Mama Mkwe na Benchi

Lumemo, Ifakara
22 Aprili 2025

Shemeji Sylvanus,

Habari za misonobari? Pasaka mmeila vipi huko Uchindile, au mlichemsha mbegu za miti? Sisi huku tumekula wali mpaka tukaogopana. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimefariki.

Unajua tangu mwaka jana nasoma hadithi zangu redioni kila Jumapili jioni. Nusu saa nzima ni yangu, na bonde lote linasikiliza, kuanzia wauza samaki hadi masista. Mwanzoni hadithi zilikuja zenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kuandika haraka zisinipite. Sasa nimekauka. Nimeshinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga nikitegesha sikio, nikarudi na pumba kwenye nywele na hakuna neno hata moja la maana. Nikaenda sokoni kusikiliza wanawake wakigombana. Waliponiona nimesimama wakaacha kugombana, wakaniuliza nanunua nini. Nikanunua bamia. Shemeji, nina bamia nyingi na sina hadithi.

Joshua, mtayarishaji wa kipindi, ameniita pembeni na ule upole wake unaotisha. "Dada Marsiana, ukikosa kitu kipya tutaweka kipindi cha salamu." Salamu! Watu watumiane salamu nusu saa nzima, na mtu mwingine amekalia kiti changu. Nitakufa kwa wivu, na utachangia msiba.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe ni shemeji yangu, kazi yako duniani ni kunitania, na sijawahi kukutana na mwongo mwenye kipaji kama chako. Nitumie kisa chochote, kiwe cha kweli au cha kutunga, mimi sitauliza. Simu najua haikupati mpaka upande kile kilima chenu cha mtandao, na pale kila mtu anasikiliza ya mwenzake. Barua mpe Leticia, yule mama wa maharage, anapokuja na treni.

Dada Oliva bado yuko kwa mama shambani Mkula, wanashinda juu ya dungu wakiamia ndege wasile mpunga. Mwaka huu mpunga umekubali, na kwelea nao wamekubali. Lakini najua mnaandikiana, kwa hiyo habari zake unazo kuliko mimi.

Shemeji yako mkavu,
Marsiana


Uchindile
29 Aprili 2025

Mke wangu mdogo,

Barua yako nimeipata ikinuka maharage. Pole kwa bamia.

Dada yako hajambo kabisa. Ananiandikia kila treni, mpaka nakosa nafasi ya kujibu. Basi tuachane naye, tuje kwenye shida yako.

Nina jirani yangu hapa, tunapogolea naye miti. Jina lake nalisitiri, wewe mwite Nickolaus. Ni mtu mzuri, mrefu, mchapakazi, sijui kwa nini watu hawamwonei huruma. Huyu bwana alikwenda harusini kwa wakwe zake. Unajua harusi zetu: wanawake wote wa ukoo wameshona sare, ukiwatazama kwa nyuma huwezi kumjua nani ni nani. Na Nickolaus ana shemeji mmoja, mdogo wake mkewe, mkorofi kama wewe, ambaye wanataniana mpaka watu wanashika mbavu.

Akapita jikoni. Akamwona mmoja ameketi kwenye ukingo wa benchi, amempa mgongo, ameinamia sufuria la pilau. Akasema moyoni, leo nimempata. Akanyata, akachukua ncha ya kitenge chake akaifunga kwenye mguu wa benchi, fundo la mtu anayefunga magogo. Kisha akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapiga matarumbeta: "Mke mdogo, umenenepa! Mume utakayempata aje na toroli!"

Yule mwanamke akainuka, akageuka. Benchi nalo likageuka.

Alikuwa mama mkwe.

Marsiana, mkwe! Yule ambaye ukimwona njiani unaingia majanini kumpisha, ambaye hamshikani hata mkono. Mama hakusema neno. Miguu ya Nickolaus ndiyo iliyoamua. Alipita kwenye migomba, akatokea barabarani, akadandia gari la kwanza, na hajarudi mpaka leo. Mkewe alibaki kulekule kwa mama yake. Msimu ule wa mvua umepita, hakuna aliyemwandikia mwenzake.

Yeye hataki makubwa. Anataka mkewe arudi nyumbani, basi. Jioni anakuja kukaa kwangu ananiuliza: mtu aliyefanya vile atarudi kwa njia gani? Sasa wewe ni mtunzi, umwandikie namna ya kurudi. Na usichelewe. Yaani hadithi isichelewe, kwa ajili ya kile kiti chako.

Usinitaje redioni.

Mumeo wa pembeni,
Sylvanus


Lumemo, Ifakara
5 Mei 2025

Dada Oliva, shikamoo.

Na mama pia mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya kifua nimempa kondakta wa basi aiteremshe Mkula Jumatano.

Jana mlisikiliza? Niambie mlisikiliza! Dada, tangu nianze kusoma pale haijawahi kutokea. Joshua alicheka mpaka akagonga kipaza sauti. Leo asubuhi nimepita sokoni, mama mmoja wa dagaa akaniita, "Wee, mama mkwe na benchi!" Ndilo jina langu sasa, na ninaringa nalo.

Kisa nimekitunga mwenyewe. Kilinijia tu nimekaa. Kile kitenge cha zambarau chenye tausi nilichokitaja ni kile cha sare yetu ya harusi ya ndugu yetu Egidius. Kilikuwa kinaning'inia mlangoni nilipokuwa naandika, nikakitwaa. Siku hizi ninaandika kwa chochote kilicho mbele ya macho.

Tatizo ni hili: upande wa mume ninao, upande wa mke sina. Mwanamke ambaye mumewe amemtania mama yake kisha akatimua mbio, anafanya nini kutwa nzima? Anawaza nini? Ninyi huko shambani mmezungukwa na wanawake juu ya madungu, mnapiga kelele toka asubuhi, lazima mnasimuliana mengi. Nichukulie hata kipande.

Shemeji Sylvanus nadhani anakutumia habari. Mwandikie kwamba namsalimu.

Mdogo wako,
Marsiana


Shambani, Mkula
9 Mei 2025

Marsiana,

Marahaba. Dawa imefika.

Tulisikiliza. Kumbe ulikitunga mwenyewe? Kilikujia tu umekaa? Hongera. Mama alisikiliza mpaka pale benchi lilipogeuka, halafu akazima redio, akashuka kwenye dungu akaenda nyuma yake akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Sikumwuliza, na wewe usimwulize.

Hivi hiyo redio yenu inafika mpaka wapi? Inavuka Mlimba? Inafika, kwa mfano, Uchindile? Nauliza tu.

Umetaka upande wa mwanamke. Iko hivi. Dungu la pili kutoka letu kuna mama mmoja, mumewe yuko mbali. Kila mchana anapika ugali wa watu wawili. Mkono umezoea. Anapakua sahani mbili, anaitazama ile ya pili, hasira zinampanda, anakula zote. Magauni yameanza kumbana na ndege hawajapungua.

Ukimweka kwenye hadithi, usiseme amekasirika kwa sababu ya utani. Utani umeponyoka, hayo hutokea. Amekasirika kwa sababu mume alikimbia akamwacha yeye apige magoti, afungue lile fundo mbele ya wajomba, na fundo lenyewe lilikuwa la magogo, halifunguki. Na ukoo mzima umenyamazishwa. Mama yake alisema atakayelitaja jambo lile asikanyage kwake. Kwa hiyo analo mwenyewe, analala nalo, anaamka nalo.

Asitumiwe mzee na jogoo wa kuomba radhi. Hataki jogoo. Anataka mume aje mwenyewe kwa miguu yake ileile iliyomkimbiza.

Hilo lisome polepole, wasikilizaji wa mbali walisikie.

Shemeji yako huniletea habari kila wiki. Hajambo.

Dada yako,
Oliva


Lumemo, Ifakara
19 Mei 2025

Shemeji,

Niko juu! Salamu zimeahirishwa. Sehemu ya pili niliisoma tarehe kumi na moja, yule mwanamke wa sahani mbili, na wanawake walilia kwenye simu. Mmoja alipiga kutoka Kidatu akasema naye anakula sahani mbili, lakini mumewe yuko hapohapo, ni njaa tu.

Basi Joshua akaniambia, "Dada, ongeza moto, wahusika wamekaa mno." Nikatoka kwenda kuutafuta huo moto. Nimeshajifunza, siku hizi siendi kutega sikio tena, natembea na swali moja kichwani na kuacha macho yajiendee. Swali lilikuwa: nani anaweza kumtikisa mwanamke aliyekaa dunguni? Nikapita kituo cha mafuta. Palikuwa na kijana amekaa juu ya tairi la kombaini ya kuvunia mpunga, anakunywa soda, meno meupe, hana habari na mtu. Nikamwambia moyoni, wewe ndiye.

Nimempa jina Polycarp. Jana kwenye sehemu ya tatu alikuja na kombaini yake, akaizima chini ya dungu, akaomba maji ya kunywa. Akapewa. Kesho yake akaja tena akaomba maji, na safari hii hakuwa na kiu. Nikaishia hapo. Joshua anasema simu ya studio ilizidiwa.

Nawe ulisikia? Na yule Nickolaus wako anaendeleaje? Mwambie mke wake wa redioni anaelekea kubaya.

Mke mdogo mwenye furaha,
Marsiana


Uchindile
22 Mei 2025

Marsiana,

Huyo Polycarp ni nani?

Nilisikiliza nikiwa kilimani kwa redio ya mlinzi wa miti, maana huku bondeni mawimbi yanakatika. Nilikuwa naendelea vizuri tu mpaka kombaini ilipozimwa. Mlinzi akaniuliza, "Bwana Sylvanus, mbona unatetemeka?" Nikamwambia ni baridi. Akaniazima koti.

Nataka kujua mambo machache, kwa ajili ya hadithi tu. Huyo kijana umemtoa kichwani au umemwona mahali? Kama umemwona, hapo kituoni alikuwa anaelekea Mkula au anatoka Mkula? Ana mke? Maji alipewa na nani, mama alikuwepo dunguni au alikuwa ameteremka? Hivi kombaini zimeshaingia kwenye mashamba ya Mkula, au mwaka huu wanavuna kwa mkono?

Oliva ameniandikia vizuri tu, hakutaja kombaini. Na kwa nini hakutaja?

Nickolaus hajala tangu Jumapili. Ameacha kazi mapema siku tatu, msimamizi amemuuliza kama anaumwa. Alikuomba namna ya kurudi, wewe ukamletea dereva. Nakuomba, mke mdogo, sikutanii. Huyo Polycarp mtoe. Mharibie mashine.

Sylvanus


Shambani, Mkula
24 Mei 2025

Marsiana,

Sasa umezidi.

Tangu Jumapili wanawake wa madungu yote wananiita kutoka huko waliko: "Oliva! Polycarp amekuja?" "Oliva, maji yapo?" Wao hawajui lolote, wananichokoza tu kwa sababu hadithi ina dungu na mimi niko dunguni. Na juzi kombaini ya kweli imepita barabarani, dereva babu wa watu mwenye kikohozi, wakapiga vigelegele mpaka mzee wa watu akapunga mkono.

Mimi ningecheka na wao. Lakini kuna mtu mahali anayesikiliza, na huyo mtu ni mwepesi wa kukimbia. Akisikia kuna mwanamume anayeomba maji kila siku, atasema basi, nimeshachelewa, na hatakuja tena. Umeifikiria hiyo? Wewe unatafuta moto wa hadithi, mwenzio ndiye anayewaka.

Muondoe yule dereva. Na uniambie ukweli, huyu mume mwenye benchi ulimpata wapi?

Oliva


Lumemo, Ifakara
27 Mei 2025

Shemeji Sylvanus,

Hii haina utani, kaa chini.

Barua yako na ya dada zimenifikia siku moja. Nikaziweka mezani pamoja, nikasema hawa wawili wamekuwaje, wote wananiamrisha nimwondoe Polycarp kana kwamba amewakosea. Wakati huo Leticia alikuwa bado amekaa hapa anakunywa chai. Nikamwambia, kwa mazungumzo tu, "Mama, unabeba barua nyingi sana za huyu bwana na mkewe." Akanitazama. "Barua za huyo bwana ninazobeba ni zako wewe. Za mkewe sijabeba hata moja tangu mwezi wa kwanza."

Chai yangu ilipoa hapohapo.

Nickolaus ni wewe. Yule mkorofi ni mimi. Benchi ni la nyumbani kwetu, nimelikalia tangu utoto. Siku ya harusi ya Egidius mimi nilikuwa nimetoka mara moja kwenda studio, na niliporudi nikaambiwa umeitwa kazini kwa dharura. Mama kimya, dada kimya, wajomba wanatazama viatu. Nikaamini. Halafu nimekaa mwezi mzima naringa sokoni kwa aibu ya mama yangu mwenyewe, na dada nimemwambia nimetunga! Nimelia, shemeji. Halafu nikakumbuka benchi likigeuka, nikacheka. Halafu nikalia tena kwa kuwa nimecheka.

Tangu lini mimi na wewe tumezungumza jambo bila mzaha? Hatujawahi. Ndiyo maana ulipopata shida ya kweli ulinitumia kama kichekesho, na mimi nikaipokea kama kichekesho. Sikulaumu. Ila sasa zungumza na mwenyewe.

Jumapili hii, tarehe moja, ni sehemu ya mwisho. Polycarp usimhofu, nimemhamishia Mbarali na kombaini yake, ameaga bila kuangalia nyuma. Kilichobaki ni wewe. Nimejaribu miisho mitatu. Wa kwanza, Nickolaus anamtuma mzee na jogoo. Nimeuchana, kwa sababu mwanamke wa dunguni amesema hataki jogoo, na sasa unajua ni nani aliyesema. Wa pili, mama mkwe anaumwa, wanakutana hospitalini; nikaona namwuguza mama yangu ili nipate machozi ya watu, nikaogopa. Wa tatu, mke anachoka, anarudi mwenyewe. Huo ulikuwa mzuri kuuandika, lakini si kweli. Namjua dada yangu, atakaa pale mpaka mpunga uote kwenye paa.

Kwa hiyo siandiki. Nitasoma mpaka pale Nickolaus anaposimama stesheni na treni inaingia, halafu nitawaambia wasikilizaji kwamba mtunzi hajui kama alipanda. Joshua atanipigia kelele, na aniwekee salamu akitaka.

Uliniomba namna ya kurudi. Mimi sina. Anayo Oliva, na ameshaisema redioni kwa mdomo wangu: uje mwenyewe.

Shemeji yako,
Marsiana


Ndani ya treni
30 Mei 2025

Marsiana,

Mwandiko usiushangae, treni inatikisika na mimi natikisika.

Leticia alinipa barua yako leo palepale stesheni, akiwa anapakia magunia. Nimeisoma nimesimama. Nguo sikuchukua, ruhusa nimeomba kwa kupunga mkono, kama msimamizi ameielewa atajua mwenyewe. Sasa nimekaa kwenye gunia lake la maharage, na barua hii nitampa akuletee, mimi nitapitiliza hadi stendi nipande gari la Mkula.

Sijui nitasema nini. Kwa mkwe siwezi kusema neno, kwa Oliva ninayo mengi na yote ni ya kijinga. Leticia ananiambia nianze na shikamoo. Nimemwambia mkwe hasogelewi. Amesema basi simama mbali upige kelele.

Nimeogopa sana.

Sylvanus


Shambani, Mkula
3 Juni 2025

Mdogo wangu Marsiana,

Amekuja.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani, na mama alibaki dunguni peke yake. Sauti yake ilikuwa imeisha, kifua kilimbana tena, na ndege wanajua. Nikiwa bado kisimani niliona wingu la kwelea linashuka upande wa kwetu, nikajua mpunga umekwisha. Nikaweka ndoo kichwani nikaanza kukimbia, maji yote yakanimwagikia.

Halafu nikasikia sauti ya mwanamume inapiga kelele kwenye kona ya chini ya shamba. "Swaaa! Swaaa! Tokeni!" Nikaijua kabla sijamwona. Amesimama kwenye matope hadi magotini, na viatu vya kazini, anapepea shati lake hewani kama kichaa. Hakukaribia dungu. Mama yuko juu upande ule, yeye yuko chini upande huu, na mpunga wote katikati yao. Mimi nikajikunja nyuma ya kichaka na ndoo yangu tupu.

Walifukuza ndege hivyo muda mrefu, kila mtu upande wake, kana kwamba wameajiriwa. Halafu Sylvanus akanyanyua uso, hakumtazama mama, akawatazama ndege. Akapaza sauti:

"Ninyi ndege! Mwambieni mama huko juu, nilidhani ni Marsiana!"

Nikasema moyoni, amekwisha. Mama akakohoa, akakusanya kile kisauti chake, naye akawatazama ndege.

"Ninyi ndege! Mwambieni huyo bwana, kila mtu alijua alidhani ni Marsiana!"

"Ninyi ndege! Mwambieni mama, nilikimbia kwa aibu, si kwa dharau!"

"Ninyi ndege! Mwulizeni huyo bwana, na mke wake alimwachia nani?"

Hapo Sylvanus alisimama, shati mkononi. Hakupiga kelele tena. Alisema kwa sauti ya kawaida, na ndege hawakuwepo wa kuambiwa: "Nimekuja kuliomba radhi hilo."

Nikatoka kichakani. Nilikuwa nimetunga matusi ya miezi mitano, Marsiana, nimeyapanga vizuri kama wewe unavyopanga hadithi zako. Nilipofika mbele yake nikaona shati limechanika na ana tope mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Umechelewa." Akasema, "Najua." Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyefungua lile fundo." Akasema, "Najua, na ni fundo baya." Nikalia, na yeye akalia, na kwelea wakarudi wakala wanavyotaka.

Atakaa mpaka tuvune, halafu tutapanda treni pamoja. Amejenga kidungu chake kule kona ya chini, mkwe na mkwe hawaonani uso. Jumapili jioni tulikaa sote kukusikiliza, kila mmoja mahali pake. Ulipowaambia watu kwamba hujui kama Nickolaus alipanda, Sylvanus aliitikia kwa sauti shamba zima likasikia, "Alipanda!"

Sasa nisikilize. Haya niliyokuandikia usiyasome redioni. Najua mkono unakuwasha. Nakukataza kama dada yako mkubwa, na Sylvanus anakukataza. Mama ameaibishwa vya kutosha, mwache apumzike. Tafuta kisa kwingine.

Dada yako anayekupenda,
Oliva


Mkula
5 Juni 2025

Binti yangu Marsiana,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo vumilia herufi. Sijataka Oliva aione.

Nimesikia dada yako amekukataza kusoma. Amekukataza kama nani? Aliyefungwa kwenye benchi ni mimi. Aliyeambiwa amenenepa ni mimi. Kisa ni changu na ruhusa ninayo mimi.

Oliva anadhani nililia siku ile ulipoanza kusoma, nilipokwenda nyuma ya dungu. Mwanangu, nilikuwa nacheka. Nimekuwa nikicheka tangu mwezi wa kwanza. Siku ile ya harusi, nilipogeuka na benchi likanifuata, sikunyamaza kwa hasira. Nilifunga mdomo kwa sababu ningeufungua kicheko kingenitoka, na mkwe hachekewi. Nikasema atakayelitaja asikanyage kwangu, maana nilijua akilitaja nitacheka mbele za watu. Wote wakadhani nimeumia, na mimi sikujua namna ya kuwaambia. Hilo ndilo kosa langu, nimewakalisha watu wawili mbalimbali kwa sababu ya kubana kicheko.

Nikuambie jambo lingine. Tangu baba yenu atutoke hakuna mtu aliyenitania. Hata mmoja. Watu wananiheshimu tu. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, mama kaa hapa, mama usibebe hiki. Ni vizuri, simlaumu mtu. Lakini baba yenu alikuwa ananichokoza kila siku, alikuwa ananifichia kiatu kimoja Jumapili tukienda kanisani, nikamkimbiza nacho kile kingine. Sasa siku ile, kwa muda wa fundo moja, kijana wa watu alinitazama mgongo akadhani mimi ni msichana.

Soma redioni, mwanangu. Soma yote, na ndege na matope na alivyolia. Na pale aliposema nimenenepa usipapunguze.

Ila Sylvanus asijue nimekuandikia. Nikikutana naye njiani bado nitapisha.

Mama yako,
Balbina